Mimea ilibuni, iliazima au ilirithi usanisinuru?

Swali: Ninasomea ualimu hapa Nairobi. Katika makala ya jarida la chuo niliandika, "Mimea na mwani vilibuni usanisinuru zamani sana." Mhariri akafuta vilibuni, akaweka vilirithi. Mwenzangu anasema ingefaa viliazima. Tushike lipi?

Jibu: Mhariri wako yuko sahihi kuhusu mimea. Kuhusu mwani bado kuna kazi.

Kubuni hutaka mwenye nia: fundi wa Kamukunji hubuni jiko kwa kuwa amelifikiria kabla ya kukata bati. Usanisinuru, yaani kutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga, haukufikiriwa na yeyote, wala haukuanzia kwenye mimea. Ule unaotoa oksijeni uliibuka kwa sianobakteria, viumbe wadogo mno ambao seli zao hazina kiini. Miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita oksijeni yao ilikuwa imeanza kubaki hewani, ilhali mimea ya nchi kavu ina miaka milioni 470 hivi tu. Sianobakteria wangali nasi. Maji ya Ziwa Bogoria yanapokolea rangi ya kijani, ni wao, na ndio wanaowaleta heroe wadogo kwa maelfu kuja kula. Kwa mwanzo huo, basi, tumia kuibuka, kitenzi kisichodai mtendaji mwenye nia.

Kuazima ndiko kunakopotosha zaidi, kwa maana cha kuazima hurudishwa. Kilichotokea ni kwamba seli moja ilimmeza sianobakteria isimmeng'enye, na wazao wa sianobakteria huyo ndio kloroplasti, sehemu ndogo za kijani za seli zinazofanya usanisinuru, zilizomo ndani ya kila jani la sukuma. Mrusi Konstantin Mereschkowsky alilieleza wazo hilo mwaka 1905. Kwa miaka mingi wengi hawakulijali, hadi Mmarekani Lynn Margulis alipolitetea upya katika makala ya 1967. Kloroplasti yenyewe inashuhudia: ina DNA yake mbali na ile ya kiini, na huongezeka kwa kujigawa, kama bakteria. Lakini haiwezi kurudi ilikotoka. Jeni zake nyingi zilihamia kwenye kiini cha seli iliyoimeza, na katika mimea mingi imebaki na jeni 100 na ushee, ilhali sianobakteria wengi wana maelfu.

Mimea, kwa kuwa ilitokana na mwani wa kijani wa maji baridi, ilirithi kwa maana kamili ya neno.

Sasa mwani. Jina hilo limekusanya viumbe wasio wa ukoo mmoja. Mwani mwekundu, kama ule unaolimwa Kwale, na ule wa kijani, kloroplasti zao zimeshuka moja kwa moja kutoka kwenye mmezo ule wa kwanza. Mwani wa kahawia una habari nyingine: wazee wake walimeza mwani mwekundu mzima, pamoja na kloroplasti zake. Ndiyo maana kloroplasti ya mwani wa kahawia imezungukwa na tando 4, wakati ya mmea ina 2. Ukiandika "mwani ulirithi" bila kusema upi na kutoka kwa nani, mwanafunzi wako atadhani habari ni moja.

Mimi ningeandika hivi: "Usanisinuru unaotoa oksijeni uliibuka kwa sianobakteria. Wazee wa mwani mwekundu na wa kijani waliupata kwa kummeza sianobakteria, na mimea ikaurithi kutoka kwa mwani wa kijani." Na usanisinuru ni neno moja, usilikate.