Kiswahili kwa watoto wanaokulia Australia: uzoefu wangu kama mkalimani

Wakuu, heshima kwenu. Mleta uzi anasema yeye na mkewe wanahamia Australia na watoto wawili wadogo, na anauliza kama waendelee kuongea nao Kiswahili au wahamie Kiingereza moja kwa moja ili watoto wasiachwe nyuma shuleni. Kuna mchangiaji kamjibu kwamba "huko ni Kiingereza tu, Kiswahili kiacheni airport." Naomba nitofautiane naye. Nina miaka 9 huku, naishi Albury, mji wa jimbo la New South Wales ulio mpakani, ambao Mto Murray unautenganisha na Wodonga iliyo jimbo la Victoria. Kazi yangu ni ukalimani, na nina binti wa miaka 11.

Kwanza, Australia haina lugha rasmi kisheria. Kiingereza kimekalia kiti kwa mazoea. Kwenye sensa ya 2021 watu zaidi ya milioni 5.5, kati ya milioni 25 na ushee, walisema nyumbani wanatumia lugha nyingine. Kimandarini kinaongoza, halafu Kiarabu na Kivietinamu. Kiswahili kipo chini huko kwenye orodha, lakini kipo. Daktari akipata mgonjwa asiyejua Kiingereza anapiga 131 450, namba ya serikali ya ukalimani wa simu, anaomba mtu wa Kiswahili, na baada ya muda niko hewani, nimekaa jikoni kwangu na daftari.

Haikuwa hivi siku zote. Kwa sheria ya 1901, ofisa wa uhamiaji aliweza kumsomea mgeni maneno 50 kwa lugha yoyote ya Ulaya aliyoitaka yeye, na mgeni ayaandike. Akishindwa, anarudishwa. Mwaka 1934 walitaka kumzuia mwandishi Egon Kisch, mtu wa lugha nyingi, wakaona Kiingereza atakipita, wakamsomea Kigaeli cha Uskoti! Mahakama Kuu ikaja kusema Kigaeli hicho si lugha ya Ulaya kwa maana ya ile sheria. (Waskoti hawakufurahi.) Mtihani huo ulifutwa 1958, na 1973 serikali ya nchi hiihii ikaanzisha ukalimani wa simu. Miaka 15 tu katikati. Mimi nakula mkate wangu kutokana na mabadiliko hayo, kwa hiyo huwa siyachukulii poa.

Sasa nije kwenye Kiswahili chenyewe, maana hapa ndipo nilipopigwa na butwaa. Nilifika na Kiswahili changu cha Tanzania, nimepata A shuleni, najiona mwenye mali. Kumbe wateja wangu wengi ni Wakongo waliokuja kama wakimbizi. Wiki ya kwanza mama mmoja akaniambia, "Bwana yangu anatumika busiku." Nikanyamaza. Anatumika? Na nani? Kwa ajili gani? Nusura nimtafsirie nesi kwamba mume wa huyu mama kuna watu wanamtumia usiku. Namshukuru Mungu niliuliza. Kwao kutumika ni kufanya kazi. Jamaa alikuwa zamu ya usiku kiwandani, basi.

Namba nazo. Wengi wanataja tarehe za kuzaliwa, uzito na saa kwa Kifaransa, na Kifaransa changu kilikuwa kinaishia bonjour. Siku moja miadi ilikuwa mchana, nikatafsiri kama nilivyofundishwa na mama yangu: saa nane na nusu. Yule mteja alizoea saa za Kifaransa, kwake nane ni nane. Alifika kliniki saa mbili na nusu asubuhi na watoto watatu, akakaa kwenye benchi hadi mchana. Kosa lilikuwa langu, wala simlaumu mtu. Nilirudi nyumbani nikabandika namba za Kifaransa, moja hadi mia, kwenye mlango wa friji, na tangu siku hiyo kila saa naitaja mara mbili: saa nane mchana, quatorze heures. Wakuu, nilikuwa nasahihisha Kiswahili cha watu kichwani mwangu wakati mimi ndiye nilikuwa sielewi.

Kuhusu watoto. Mleta uzi, Kiingereza usikiwazie kabisa. Shule, katuni na uwanja wa mpira vitakifundisha bila kukuuliza. Binti yangu alikimudu ndani ya miezi michache, na mwaka haukuisha akawa ananisahihisha mimi. Wasiwasi uwe juu yako na mkeo, na dawa yake ipo: wahamiaji wengi wana haki ya masomo ya Kiingereza bure, na kikomo cha saa 510 za masomo kilichokuwepo kiliondolewa 2021. Someni mapema. Usipojua lugha, mwanao ndiye atakuwa mkalimani wako, na hiyo nimeiona ikiharibu nyumba. Niliwahi kuunganishwa kwenye simu katikati ya mazungumzo, namsikia mtoto anamjibu ofisa, "Mama anasema sawa," na mama hajaulizwa kitu. Mtoto anayejua barua zote za nyumbani zinasema nini, ukimwambia kalale atakuangalia tu.

Kiswahili ndicho kitakachokimbia. Sisi tulijaribu amri: ukivuka mlango huu ni Kiswahili tu. Matokeo yake binti akawa bubu nyumbani. Tukimwuliza kitu, anatikisa kichwa. Tuliendelea hivyo karibu mwaka mzima, na naona aibu kusema muda wote huo nilidhani ni utovu wa nidhamu.

Kilichonibadilisha kilitoka shuleni kwake. Albury iko kwenye ardhi ya Wawiradjuri, wenyeji wa asili, na siku moja alirudi akinisalimia "yiradhu marang", siku njema. Nikafuatilia. Kabla ya Waingereza kuja 1788 nchi hii ilikuwa na lugha zaidi ya 250. Nyingi zimebaki na wasemaji wa kuhesabika. Mzee Stan Grant, Mwiradjuri, alisimulia kwamba alipokuwa mtoto polisi alimtia babu yake mahabusu kwa kumwita yeye mjukuu kwa lugha yao hadharani. Uzeeni, pamoja na mwanaisimu John Rudder, alikusanya maneno mpaka ikapatikana kamusi, na leo Kiwiradjuri kinafundishwa hadi chuo kikuu. Nikajiuliza: wenzetu walinyang'anywa lugha kwa pingu, yangu naiua mwenyewe kwa kuifanya adhabu?

Tukaacha amri. Jumamosi tukaanza kumpeleka kwenye kwaya ya watoto wa Kikongo, ambako mazoezi, soda na ugomvi vyote ni Kiswahili. (Hapa New South Wales kuna ruzuku ya serikali kwa shule za lugha za jamii, mkiwa familia za kutosha, ulizieni.) Ndani ya miezi mitatu mtoto akaanza kuongea. Ila si Kiswahili changu! "Minakuya," "batoto biko wapi." Mimi, mtu wa A, meno yananiwasha kusahihisha. Mke wangu akaniambia, "Baba Neema, ulitaka aongee au ulitaka aongee kama wewe?" Nikafyata.

Kwa hiyo ushauri wangu, mkuu: mtafutie wenzake wa kucheza nao kwa Kiswahili, chochote kile kitakachokuwa, halafu kaa mbali kidogo. Kitakuwa Kiswahili cha Albury, chenye Bukavu ya Kongo ndani yake na Kiingereza pembeni, na bibi yao nyumbani atahitaji msaada.

Na simaanishi utani. Jumapili iliyopita mama yangu alipiga simu, binti akapokea, mimi niko chumbani na mteja hewani. Nikasikia akiulizwa baba yuko wapi.

"Shikamoo bibi. Baba anatumika."

Kimya. Kisha sauti ya mama yangu, kali kidogo: "Anatumika? Na nani?"