Bodi ya saketi: nijitengenezee au niagize?

Shikamoo fundi. Nataka bodi moja tu, ya kuwasha pampu tangi la maji likipungua. Niagize Uchina? (Mwanafunzi, Shangani, Mtwara)

Marahaba mwanangu. Kwa bodi moja, jitengenezee. Viwanda vingi vya Shenzhen huanzia bodi 5, na nauli ya mzigo mara nyingi huzidi bei ya bodi zenyewe. Chora kwa KiCad, programu ya bure, uchape kwa printa ya leza kwenye karatasi ya jarida inayong'aa. Printa ya wino haifai, kwani ukipiga pasi karatasi hiyo juu ya bodi tupu, kinachohamia kwenye shaba yake ni tona, yaani wino wa unga wa printa ya leza, nayo huyeyuka kwa joto la pasi. Kabla ya pasi, sugua shaba hadi ing'ae, kisha usiiguse tena kwa vidole. Njia za umeme ziwe na upana wa nusu milimita au zaidi. Tona ikibanduka mahali, ziba kwa rangi ya kucha kabla ya kuitumbukiza bodi kwenye feri kloraidi, dawa inayokula shaba isiyofunikwa.

Feri kloraidi iliyochoka niimwage wapi? (Mikindani)

Si baharini, nakusihi. Maji hayo yamebeba shaba iliyoyeyuka, na shaba ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Hapo kwenu watu wanakula kutoka ghuba hiyohiyo. Vaa glavu, tia magadi kidogo kidogo, maana yatafura povu, mpaka povu likome. Yaache yatuame, kisha mashapo uyakaushe na kuyachanganya na saruji. Kazi yote ifanyie kwenye bakuli la plastiki. Sufuria ya alumini itatoboka.

Bodi niliyotengeneza mwaka jana imeota kutu ya kijani. Nilikosea wapi? (Lindi mjini)

Uliiacha shaba wazi, dada yangu, na upepo wetu una chumvi. Bodi yangu ya kwanza, ya taa ya baraza, ilikufa hivyohivyo. Ile rangi ya kijani ya bodi za kiwandani si urembo, ni koti la kuikinga shaba. Wewe ukimaliza kuunga vifaa, safisha, kausha kabisa, kisha paka vanishi.

Nimepata oda ya vifaa 20 vya kupima joto kwenye maghala ya korosho. (Fundi, Masasi)

Hizo agiza, kaka. Kutoboa matundu ya bodi 20 kwa biti ya milimita 0.8 kutakumaliza, na za kiwandani zina matundu yaliyopakwa shaba ndani, kwa hiyo pande mbili zinaungana zenyewe. Ila kabla ya kutuma faili za Gerber, yaani michoro ya bodi inayosomwa na kiwanda, tengeneza moja nyumbani, uiwashe, uione inafanya kazi. Kosa la mchoro likishafika kiwandani utalipokea mara 20.