Hewa ya mji wa msituni si safi mwaka mzima, nimekaa huko

Mkuu, umeuliza kama mwanao mwenye pumu atapata nafuu mkihamia mji mdogo uliozungukwa na msitu wa mvua, kwa kuwa "miti inasafisha hewa". Nimeishi mji wa namna hiyo miaka sita, na pumu ninayo mwenyewe. Nilienda na wazo hilohilo. Miezi mingi utavuta hewa tamu ajabu, lakini kuna miwili mitatu ambayo utajiuliza ulikimbia nini mjini.

Miezi hiyo ni ya kiangazi, maana sehemu nyingi za misitu hii nazo zina kiangazi chao, hata kiwe kifupi. Watu wanafyeka, wanaacha majani yakauke, kisha wanatia moto. Wala si lazima moto uwe wa jirani, moshi husafiri mamia ya kilomita. Kusini mwa Amazoni moto hukolea Agosti hadi Oktoba. Kule Borneo na Sumatra, visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, udongo wenyewe wa vinamasi, uliojaa mabaki ya mimea, ukikaushwa unashika moto na kufuka chini kwa chini kwa wiki kadhaa. Mwaka 2015, wakati wa El Niño, ambayo kule huleta ukame badala ya mvua, moshi huo ulifunika hadi nchi jirani. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama kuna kiwanda. Uliza kiangazi ni lini na upepo wa wakati huo unatoka wapi.

Nilichochelewa kukijua ni saa. Nilikuwa natoka kutembea saa 12 asubuhi nikiamini ndipo hewa ni safi, narudi kifua kinapiga filimbi. Kumbe usiku usio na mawingu ardhi hupoa haraka, hewa ya chini inakuwa baridi na nzito, na ile ya juu yenye joto inaikalia kama mfuniko wa sufuria. Moshi wote wa jioni unalala bondeni pamoja na nyinyi. Kuna siku nilisahau shati jeupe kwenye kamba, asubuhi nikalikuta na vipande vya majivu vyepesi kama manyoya ya kifaranga. Nikajaribu kukitoa kimoja kwa kidole, kikawa mstari mweusi. Jua likishapanda, kuanzia saa 4 hivi, mfuniko unafunguka. Siku hizi natembea alasiri.

Nikanunua kipimo kidogo cha chembechembe za moshi na vumbi hewani, zile ziitwazo PM2.5, ambazo unywele wa kichwani unazishinda unene mara 20 na zaidi. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linashauri wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo. Basi asubuhi moja ya masika, hakuna moto popote, kipimo kikaniambia 90! Nilifunga madirisha yote kama mjinga. Vipimo hivi vya bei nafuu huhesabu chembe kwa mwanga, na kwenye unyevu mkali chembe huvimba kwa maji, matone ya ukungu nayo yanahesabiwa. Asubuhi ya ukungu amini pua kwanza, halafu subiri ukungu uishe ndipo usome namba.

Masika mvua inaosha moshi wa nje, ila shida inahamia ndani: kuni mbichi zinazotoa moshi mara dufu, na kuvu ukutani. Sogeza kabati na kitanda mbali na ukuta, na godoro ulisimamishe mara kwa mara lipate hewa.

Kwa kiangazi, chagua chumba kimoja cha mtoto kulala, ziba nyufa za mlango na madirisha, weka mashine ya kuchuja hewa yenye chujio la HEPA, lile linalonasa hata chembe ndogo sana. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi vya kutosha. N95, barakoa iliyotengenezwa kuchuja chembe ndogo, inazuia ikikaa vizuri usoni, tatizo nyingi hazikutengenezwa kwa uso wa mtoto mdogo. Muone daktari wake kabla ya msimu, si baada ya kubanwa, na dawa ya kila siku asiiache kwa sababu tu anaonekana mzima.

Kuhusu nyumba mbili ulizotaja, ya bondeni karibu na mto na ile ya mlimani yenye ngazi nyingi: chukua ya mlimani. Mimi nilianzia bondeni. Nilipopanda juu, asubuhi nyingi za kiangazi nilikuwa nauona moshi umelala chini kama maziwa kwenye bakuli, na paa la nyumba yangu ya zamani silioni.