Maswali ya Wasomaji: Visiwa vya Ugiriki kwa boti ya tanga

SWALI: Habari kaka. Sisi asili yetu Lamu ila tunaishi Hamburg, tunataka wiki moja ya boti ya tanga Ugiriki mwezi wa nane, na watoto wawili. Mume wangu kang'ang'ania Mykonos na Santorini sababu ya picha, na anasema babu yake alikuwa nahodha wa jahazi kwa hiyo tukodi boti bila nahodha. Mimi roho inakataa. Unasemaje?

JIBU: Dada, isikilize hiyo roho. Mwezi wa saba na wa nane pale katikati ya bahari ya Aegean, ziliko Mykonos na Santorini, kunavuma meltemi, upepo wa kaskazini, na ubaya wake mbingu inakuwa safi hata wingu huoni, halafu unapiga siku tatu nne mfululizo, saa nyingine mpaka nguvu 7 au 8 kwenye Beaufort, kile kipimo cha nguvu za upepo. Nyie watu wa Lamu mnaijua kusi ikichachamaa, basi fikiria hivyo na watoto ndani. Kushuka mtashuka raha mustarehe, shida ni kurudi Athens, upepo wote uko omo, yaani mbele ya boti, na boti ina siku yake ya kurudishwa. Santorini nayo ni shimo la volkano, kina kinaanzia ukingoni kabisa, nanga haina pa kushika.

Nendeni Ghuba ya Saronic, Aegina kisha Poros kisha Hydra, safari za masaa matatu manne tu, meltemi huko hufika imepungua. Au upande wa magharibi, bahari ya Ionian, Lefkada na Ithaca, ambako mara nyingi upepo unaamka mchana na jioni unalala. Kwa mwezi wa nane na watoto mimi ningechagua huko.

Kuhusu nahodha, jina la babu halitoshi, wakodishaji wa boti wanataka cheti cha unahodha. Na hata mwenye cheti anatoka jasho bandarini, maana kule maji hayajai wala hayapwi kama kwetu, unadondosha nanga ya omo mbali kidogo halafu unarudi kinyumenyume mpaka tezi, yaani nyuma ya boti, iguse gati, huku na huku boti za watu. Sisi Hydra tuliamka tukakuta mnyororo wa jirani umelala juu ya wetu, nahodha akauinua wetu taratibu, akapitisha kamba chini ya ule mwingine, akaufunga kwenye boti, akashusha wetu ukachomoka, kisha akaachia ile kamba. Saa nzima. Watoto hawakujali, walikuwa wanaangalia punda gatini wakipakiwa mizigo, kisiwa kile magari hakina.

Kwa hiyo mwambie mumeo usukani atashika sana tu, nahodha awe pembeni yake. Kabini moja muache ya nahodha, na chakula chake kwa kawaida ni juu yenu.