Injini ya ndege ya nyaya inatetemeka

SWALI: Ndege yangu ya modeli ya kurusha kwa nyaya (unaiongoza ukishika nyaya mkononi) inatetemeka na injini inagonga ikishika kasi. Mafuta yanatoa povu tangini. Nimebadilisha plagi, wapi! – Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Plagi haina kosa; shuku pangaboi, huenda upande mmoja ni mzito kuliko mwingine. Fungua pangaboi, pitisha kwenye tundu lake chuma kinachobana, kisha kilaze juu ya nyembe mbili zilizosimama usawa. Bawa la pangaboi linaloshuka ndilo zito: lipige msasa namba 400 upande wa nyuma, kidogo kidogo, hadi pangaboi litulie popote uliachapo. Likiwa na ufa, hata mdogo kama unywele, tupa. Likikatika linajeruhi vibaya.

Kisha kaza boliti za injini. Zikizunguka tu bila kukaza, mbao inayoshikilia injini imelainishwa na mafuta: ibadilishe. Povu huletwa na mtetemo. Weka sponji chini ya tangi.