Gitaa linalodaiwa kuwa la Hank Williams

Ndugu, umesema muuzaji wako anadai gitaa hilo lilikuwa la Hank Williams, mwimbaji wa country wa Marekani, na kwamba yeye kalipata kwa "mjomba". Kama ushahidi wake ni picha tu ya Hank ameshika gitaa la kampuni ya Martin, usitoe hela kwanza. Mulika tochi kwenye tundu la gitaa: namba ya utambulisho imegongwa ndani, kwenye kipande cha mbao kinachoshika shingo. Ilinganishe na orodha ya kiwanda ya namba na miaka. Hank alifariki 1 Januari 1953. Likitengenezwa baada ya hapo, umeingizwa mjini.

Halafu dai majina ya waliolimiliki. Martin yake ya 1941, modeli ya D-28, njia yake inajulikana: mwanawe, Hank Williams Jr., aliibadilisha kwa bunduki (ndiyo, bunduki!), baadaye ikafika kwa mwanamuziki Tut Taylor, na mwimbaji Neil Young akainunua kwake miaka ya 1970. Huyo muuzaji wako anaruka kutoka Hank hadi kwa "mjomba". Katikati lilikuwa kwa nani? Akuonyeshe hati za mauziano.