Mgonjwa akisema "nina wasiwasi", muulize anauhisi wapi

Mwaka wangu wa kwanza wodini nilimzidishia mgonjwa mateso nikidhani namsaidia. Alikuwa kijana mwenye skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, ametulia vizuri kwa haloperidoli, dawa ya ugonjwa huo, kisha akaanza kuzunguka. Anakaa, anasimama, anakwenda hadi mlangoni, anarudi. Nikamuuliza kama ana wasiwasi, akaitikia. Nikaandika kwenye faili: wasiwasi, huenda ugonjwa unarudi. Dozi ikaongezwa. Siku mbili baadaye hakuweza hata kumaliza chakula akiwa amekaa.

Muuguzi wa siku nyingi ndiye aliyemuuliza nilichopaswa kuuliza mimi: "Huo wasiwasi unauhisi wapi?" Kijana akajipiga mapaja kwa viganja. "Hapa. Moyoni sina hofu, ni miguu hainiachi nikae." Ilikuwa akathisia, yaani kushindwa kutulia kunakoletwa na dawa yenyewe, na sisi tulikuwa tumeiongeza. Dozi ilipopunguzwa, akapewa na propranololi, dawa inayopunguza hali hiyo, akatulia.

Tangu hapo neno "wasiwasi" silipokei hivi hivi. Namwomba mgonjwa anisimulie mara ya mwisho ulipomshika: alikuwa wapi, kilianza nini, aliogopa nini kitampata. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Watu wawili wanaweza kujifungia chumbani kwa sababu tofauti kabisa: mmoja anaogopa kuchekwa mbele za watu, mwingine anaamini watu hao wamepanga kumwekea sumu. Ukitazama mlango uliofungwa tu, hutawatofautisha. Anayesema moyo ulimwenda mbio ghafla, pumzi ikabana, akajua anakufa, na yote yakafika kileleni kwa dakika chache, huyo mfikirie ugonjwa wa hofu ya ghafla. Anayehangaikia kila jambo, siku nyingi, kwa miezi 6 au zaidi, ana sura nyingine, ya ugonjwa wa wasiwasi wa jumla.

Mawazo ya kujirudiarudia huwa yanafichwa, kwa aibu. Mama anayejiwa na picha za kumdhuru mwanawe, na zinamtisha, hatakwambia usipomuuliza kwa upole kama kuna mawazo yanayomjia bila kuyataka.

Mwili nao usiusahau. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, dawa za pumu, kahawa nyingi, vyote huleta mapigo ya haraka na mikono kutetemeka. Uliza lini alikunywa pombe mara ya mwisho, au lini aliacha diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi. Aliyeacha ghafla baada ya kuzoea anaweza kupata degedege, kwa hiyo swali hilo halingoji kesho.

Madodoso yanasaidia, nami natumia GAD-7, dodoso la kupima wasiwasi: maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, alama kuanzia 0 hadi 21, na kuanzia 10 unachunguza zaidi. Ila swali lake moja linahusu kuhangaika hadi mtu anashindwa kukaa kitako. Kijana wangu angepata alama zote 3 hapo, na dodoso lisingeniambia kwamba chanzo ni dawa. Litumie kupima kama mgonjwa anapata nafuu, lakini usiliachie kazi ya kutambua ugonjwa.

Na unapoandika, acha maneno yake yabaki yalivyo. Mimi siku hizi ningeandika "miguu hainiachi nikae", ili anayeingia zamu ya usiku asome alichosema mgonjwa kabla ya kusoma ninachodhani mimi.